Mbonyeo wa Gari la Mheshimiwa

Ipo nchi ambayo tumeombwa kwa upole tusiitaje jina. Waliotuomba walikuja na mbwa, kwa hiyo hatutaitaja.

Ni nchi nzuri. Ina milima, ina maziwa, ina barabara, na ina Wizara ya Utulivu wa Barabara, ambayo ndiyo fahari yake. Zamani ilikuwa na ajali kama nchi nyingine yoyote. Watu waligongwa, wakalala katikati ya njia, wakasababisha foleni. Ndipo Bunge lilipokaa, likala chakula cha mchana, kisha likafuta ajali kwa sheria. Wabunge waliopinga walikuwa wachache, na baadaye iligundulika kwamba hata hao walikuwa wameunga mkono. Tangu hapo hakuna ajali iliyotokea. Magari ya serikali hasa, ambayo hukimbia sana kwa kuwa yanayawahi maendeleo, hayajagonga kitu wala mtu. Kwenye kila njia panda pamewekwa bango safi la bluu lililoandikwa: HAPA HAPAKUTOKEA KITU.

Jambo moja tu liliwashangaza wageni. Tangu ajali zifutwe, gereji za kunyoosha bodi ziliongezeka mpaka zikaanza kugombania viwanja na shule.

Gereji iliyosifika kuliko zote ilikuwa ya Fundi Sadala Mkonge. Huyu alikuwa mtu wa kujisikia, na hakuona sababu ya kuficha. Alikuwa na viganja vipana, na alipenda kufumba macho mbele ya wateja na kupitisha kiganja juu ya bati polepole, huku akiguna, ingawa ukweli ni kwamba angeweza kuangalia tu kama watu wengine. Juu ya geti alikuwa amepaka kwa herufi nyekundu: SADALA BODI NA RANGI. HAIRUDI. Maana yake ni kwamba gari likishatoka kwake, mbonyeo haurudi, wala mteja harudi kulalamika.

Mafundi wa bodi wa nchi hiyo walikuwa na desturi moja ambayo sheria haikuifuta, kwa sababu waheshimiwa hawakujua kama ipo. Kabla ya kushika nyundo, fundi alimuuliza aliyeleta gari: "Limegonga nini?" Aliyeulizwa aliweka kiganja juu ya mbonyeo, akajibu kwa sauti. Nguzo. Ng'ombe. Ukuta wa mama mkwe. Bati likishasikia, fundi alianza kazi. Wakongwe wa kazi hiyo walidai kwamba bati lisiloambiwa ukweli halitulii. Sadala hakuwa na uhakika kama anayaamini hayo. Aliuliza kwa mazoea tu, kama mtu anavyobisha hodi kwenye nyumba yenye mlango wazi.

*

Asubuhi moja lori la mikate liliingia gereji kinyumenyume. Ndani hapakuwa na mikate. Palikuwa na gari jeusi la Waziri wa Utulivu wa Barabara, na kando yake, juu ya kreti tupu, alikuwa ameketi Bwana Pazi, Msemaji Mwandamizi wa Wizara, suti yake ikiwa imejaa unga.

"Fundi," alisema Bwana Pazi akijikung'uta, "nimekuletea gari ambalo halijapata ajali."

"Naliona, bwana mkubwa. Halijapata ajali upande wa kushoto."

"Lina tofauti ndogo ya umbo. Wataalamu wameikagua na wameridhika kwamba ni ndogo. Siku ya Utulivu inakaribia. Mheshimiwa Waziri ataongoza gwaride ndani ya gari hili hili, na Mheshimiwa Rais atakuwa kwenye msafara. Rais hapendi tofauti."

Kweli ilikuwa kazi ndogo. Madigadi ya mbele kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, ilikuwa imeingia ndani, na ukingo wa boneti umeinuka kidogo. Kioo kilikuwa kizima, taa ilikuwa nzima. Sadala alifumba macho kama kawaida yake, akapitisha kiganja. Aliyajua mabonde ya nguzo, ambayo ni membamba na makali. Aliyajua ya ng'ombe, ambayo ni mapana na ya hovyo. Hili halikuwa mojawapo. Kiganja chake kiliingia mahali pa mviringo kisha kikateremka taratibu, kama unapomwekea mtu mkono begani kumsalimia. Akakitoa haraka. Kati ya taa na bampa aliona nyuzi za bluu zimenasa, nyuzi za kitambaa kipya.

Alijua. Tusimtetee, alijua pale pale.

"Limegonga nini?" aliuliza, kwa kuwa ulimi ulishazoea.

"Halijagonga."

"Ni desturi tu, bwana mkubwa. Lazima bati liambiwe."

"Sheria ya nchi ni moja, fundi, kwa watu na kwa mabati."

Dereva wa lori alijifanya anakagua tairi. Sadala alitaka kitu kimoja tu, gari lile liondoke gerejini kwake kabla hajaanza kufikiri. Kwa hiyo ni yeye, wala si serikali, aliyepata njia.

"Basi tuseme ng'ombe."

Uso wa Bwana Pazi ulichanua. "Ng'ombe wa kwetu?"

"Ng'ombe yeyote."

"Wa nchi jirani," alisema Bwana Pazi. Aliweka kiganja juu ya madigadi, akatoa sauti yake ya redioni: "Wewe bati, fahamu kwamba uliguswa na ng'ombe wa nchi jirani, aliyevuka mpaka bila kibali, kwa nia ambayo bado inachunguzwa!"

Sadala akapiga. Alinyoosha, akaziba kwa puti, akasugua msasa mpaka mabega yakamuuma, akapuliza rangi. Jioni madigadi iling'aa hata angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Alienda nyumbani akiimba, akala vizuri, akalala.

Asubuhi mbonyeo ulikuwa umerudi. Rangi mpya haikuwa imepasuka hata kidogo. Ilikuwa imeingia ndani pamoja na bati, laini, inang'aa, na katikati ya mng'ao ule umbo la bega la mtu lilikuwa wazi kuliko jana. Nyuzi za bluu zilikuwa pale pale, kati ya taa na bampa, ingawa alikuwa amezichomoa mwenyewe na kuzitupa motoni.

*

Wizara haikutaharuki, kwa sababu kutaharuki nako kulikuwa kumefutwa. Iliunda Tume ya Kuchunguza Umbo. Wajumbe walikuja gerejini wamevaa kofia ngumu za njano, wakalizunguka gari, wakanywa soda, wakatoa matokeo ya awali kwamba ng'ombe ametajwa mapema mno. Kilichohusika ni upepo. Mwenyekiti wa Tume, mwanamama mwenye miwani ya dhahabu, aliweka kiganja juu ya bati na kulieleza kuhusu upepo kwa muda mrefu, akitaja pande zote unakoweza kutokea. Sadala akanyoosha tena. Asubuhi mbonyeo ulirudi, na sasa ulikuwa na shingo.

Ikasemwa ni mbuni. Nchi ile haina mbuni, ndiyo maana alifaa. Sadala akanyoosha. Ukarudi na sikio.

Ikasemwa gari lilijibonyeza lenyewe kwa furaha ya Siku ya Utulivu. Hilo lilisemwa na Bwana Pazi akiwa amefumba macho, na alipoondoa kiganja alikipangusa kwenye suruali mara kadhaa. Ukarudi na shavu.

Gereji ikanyamaza. Vijana waliokuwa wakifanya kazi huku redio inapiga kelele walizima redio bila kuambiwa. Mmoja akapata msiba wa mjomba, mwingine akapata mjomba wa kuuguza. Kila bati hulia likipata jua la asubuhi, to, to, hiyo ni kawaida na hakuna anayeshtuka. Lakini madigadi hii ililia kama mtu anayekohoa kidogo ili wenye nyumba wajue amefika, kisha ikakaa kimya, kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Sadala alianza kufanya kazi akiwa ameligeuzia gari lile mgongo. Baadaye akagundua kwamba kuligeuzia mgongo ni vibaya zaidi.

Nyumbani kiganja chake cha kulia kilikuwa baridi. Alishika kikombe cha chai ili kipate joto, na chai ndiyo iliyopoa. Mkewe, Bi Kazija, alimtazama mpaka kikombe cha pili nacho kilipopoa.

"Baba Zena, mtu unayemnyoosha huko ni wa nani?"

"Ni bati, mke wangu."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni wa nani."

Sadala alisukuma kikombe, akasema ana haraka. Aliogopa sana siku ile. Hakuogopa mzimu tu. Aliogopa kwamba ipo siku mtu angeingia gerejini na kulijibu swali la mke wake.

*

Mtu huyo alikuja Jumatano, saa ya chai. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, aliyevaa kanga mbili na kandambili zilizoungwa kwa waya. Aliitwa Bi Siwema Feruzi. Sadala alimwamkia, naye akaitikia "marahaba, baba," kwa sauti ya mtu aliyechoka kuongea na maofisa.

"Nimesikia kuna gari hapa lisilonyooka."

"Nani kakwambia, mama?"

"Mji mzima unasema. Hawasemi kwa mdomo, lakini wanasema."

Akaeleza. Mwanawe, Chande, alikuwa fundi cherehani. Siku yake ya mwisho alitoka na furushi la sare za shule begani kuwapelekea walimu, sare za bluu, akavuka barabara kuu pale penye michoro ya kuvukia, taa ikiwa ya kijani kwa waendao kwa miguu. Hakufika. Wenye vibanda waliona, kisha wakapita watu wa Wizara kuwaeleza kwamba hawakuona. Bango la bluu lilipandwa kabla ya saa sita mchana. Mama akamtafuta mwanawe, akamkuta Mochwari ya Taifa.

"Wanaye," alisema Bi Siwema. "Nimemwona. Lakini hawanipi. Yule bwana wa mochwari ni mpole, kanipa hata kiti. Anasema, mama, mwili tunao ila hauna sababu, na mwili usio na sababu hautoki. Sababu zinazokubalika zimebandikwa ukutani, na ajali ilishafutwa. Hata jina wamekataa kulipokea. Wanasema jina ni la mtu, na mtu lazima awe amekufa kwa kitu."

"Hakuna njia kabisa?"

"Ipo. Wameniambia niseme alianguka kitandani, nitapewa leo leo. Nikawauliza, alianguka kitandani na viatu miguuni? Wakasema kuna watu wanalala na viatu. Mimi simziki mwanangu kwa uongo, baba. Huko aendako akiulizwa yaliyompata, atajibu nini? Kwamba mama yake kasema kitanda?"

Bi Siwema alilisogelea gari, akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye bega lile la bati. Hakulia. Alilipapasa, akashuka nalo mpaka mwisho, akarudi juu hadi penye sikio.

"Hili bega lilishuka akiwa kijana mdogo," alisema. "Ni cherehani. Alikuwa anaibeba kwenda nayo sokoni na kurudi nayo. Nilimwambia, badilisha bega, mwanangu. Alikuwa hasikii."

Hapo fundi aliyesifika nchi nzima akageukia ukutani akalia, na hakujali nani anamwona.

Alipotulia, alimweleza desturi ya kazi yao: bati likiambiwa ukweli wote na mkono uliomgonga mtu, hata jina lake, litanyooka. Bi Siwema alisikiliza, akafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu aingie pale macho yake yakapata ukali.

"Kwa hiyo wanalihitaji jina lake."

"Wanalihitaji, na hawalijui. Waliogopa kulijua."

"Basi usiwape bure. Mimi sina wakili, sina bunge. Nina jina tu. Anayelitaka anipe mwanangu."

*

Kuanzia hapo Sadala alikuwa na jina mdomoni, na lilikuwa zito. Bwana Pazi alikuja kila siku, amekonda, akimtazama usoni.

"Fundi, una kitu unachokijua."

"Mimi najua puti na msasa, bwana mkubwa."

"Sikiliza. Wewe ni mtu mwenye sifa ya kuwapo. Usiichezee." Akainamisha kichwa kwa upole, kama mtu anayetoa pole. "Wapo watu niliokuwa nafanya nao kazi ambao sasa hawakuwahi kuzaliwa."

Angeweza kulisema. Neno la sekunde moja, na gari lingeondoka, na chai ingekuwa ya moto tena. Kila Bwana Pazi alipogeuza mgongo, Sadala alifungua mdomo kumwita. Kila mara alikiona kiganja cha yule mama kikishuka begani taratibu, akaufunga.

Siku ya Utulivu ilipokaribia sana, Wizara ilipata wazo ambalo mpaka leo linafundishwa katika vyuo vya uongozi. Kama tofauti haiondoki, basi isiwe tofauti. Likatangazwa redioni umbo jipya la kitaifa, liitwalo Mkunjo wa Utulivu, na magari yote ya msafara yakaletwa kwa Sadala yabonyezwe upande wa kushoto yafanane na la Waziri. Sadala, ambaye maisha yake yote alikuwa akinyoosha, alishika nyundo kubwa akabonyeza magari ya serikali yasiyo na mkwaruzo mchana kutwa mbele ya Tume iliyokuwa ikipiga makofi. Hazikupita saa nyingi. Gari la kwanza likatoa sauti ndogo, bati likarudi nje, laini. Kisha la pili. Kisha yote, moja baada ya jingine. Mabati yale yalikuwa yamepigwa bila sababu, na mibonyeo ile ya nyundo haikuwa na la kushikilia. Katikati yao gari la Waziri lilibaki na bega lake, shingo yake, sikio lake na shavu lake.

Wajumbe wa Tume waliondoka bila kumaliza soda.

*

Waziri alikuja mwenyewe, adhuhuri, kwa miguu, bila king'ora. Sadala hakumtambua. Kwenye picha Mheshimiwa Lugendo alikuwa mtu wa kifua mbele. Huyu bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, kama mtu aliyebeba furushi ambalo wengine hawalioni, na alipotembea alivuta pumzi kila hatua.

"Limenielemea," alisema, wala hakueleza ni nini. "Tangu siku ile. Nikilala liko, nikihutubia liko. Nikivaa koti, mkono wa kushoto unakataa kuingia kwa sababu kuna mwingine ndani. Fundi, nifanye nini?"

Sadala alimhurumia, na alijichukia kwa kumhurumia. "Weka kiganja, Mheshimiwa. Liambie ulichogonga."

Waziri akaweka. Alikuwa hajasema ukweli kwa sauti kwa muda mrefu, na ulitoka kwa shida, kama mtoto anayesoma herufi.

"Mtu."

Bati likatikisika kidogo. Likangoja.

"Mtu gani?" akauliza Sadala.

"Simjui. Nilikuwa naendesha mwenyewe, nimechelewa kwenye uzinduzi wa taa za barabarani. Nilimwona, fundi. Alikuwa ameinua mkono kunionyesha kwamba taa ni yake." Akamkamata Sadala mkono. "Jina lake nani? Unalijua. Naliona mdomoni mwako. Nitajie tu, nitakupa chochote."

Hapo ndipo Sadala alipokuwa karibu zaidi kulitoa. Mkono uliomshika ulikuwa baridi kama wake.

"Analo mama yake," alisema. "Amekaa kwenye kiti mlangoni mwa mochwari. Mwombe yeye."

Waziri alienda. Kwanza alimtuma Bwana Pazi na mchele, mafuta na salamu za Wizara. Bi Siwema akamrudisha navyo vyote, hata salamu. Ndipo Waziri akaenda mwenyewe, akasimama mbele ya bwana mpole wa mochwari, akasema kwa mdomo wake kwamba sababu ya mwili ule ni yeye. Yule bwana aliutazama ukuta mrefu wa sababu zinazokubalika, akamtazama Waziri, akatafuta funguo.

"Bado," alisema Bi Siwema. "Utambeba."

Walimzika Chande siku ile ile alasiri. Wanaume wa mtaa waliinua jeneza, na chini yake, upande wa mbele, alikuwamo Waziri wa Utulivu wa Barabara na miwani yake ya jua, bega la kushoto limeingia chini ya mti wa jeneza sawasawa, kana kwamba lilikuwa limeshuka kwa kazi hiyo. Hakuruhusiwa kupokewa, ingawa wenzake walipokezana njia nzima. Mama hakwenda makaburini, alibaki nyumbani na wanawake wenzake. Lakini kabla jeneza halijatoka, alimsogelea Waziri sikioni akamtajia jina. Alimtajia pole pole, mara moja, kwa namna alivyomwita mwanawe akiwa mdogo.

Jioni Waziri aliweka kiganja juu ya bati, na udongo wa kaburi bado uko kwenye kucha. "Nilimgonga Chande Feruzi, fundi cherehani. Njia ilikuwa yake."

Bati likavuta pumzi. Shavu likaondoka kwanza, kisha sikio, kisha shingo. Bega ndilo lililochelewa. Likakaa kidogo, kama mtu anayeaga, likaondoka. Sadala hakuhitaji nyundo wala rangi. Nyumbani Bi Kazija alimpa chai, naye Sadala akaunguza ulimi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

*

Kesho yake Bwana Pazi aliwaita waandishi wa habari, akawaonyesha gari. "Kama mnavyojionea," alisema, "hakuna kilichotokea." Waandishi wakaandika.

Siku ya Utulivu ikafika. Barabara kuu ilioshwa kwa sabuni, wananchi wakapangwa pembeni na kupewa vibendera. Sadala alipewa kiti cha plastiki jukwaani, nyuma ya mabalozi. Bi Siwema hakualikwa, ila alikuwapo, amesimama miongoni mwa wanawake kwenye ukingo wa njia. Msafara ukatokea: gari la Waziri mbele, laini, linang'aa, na nyuma yake magari meusi yasiyohesabika, na katikati yake la Rais.

Bendi ilikuwa katikati ya wimbo iliposikika sauti. To. Gari la pili likabonyea upande wa kulia, mahali pa juu, penye urefu wa mwanamume mrefu. To. La tatu likabonyea mbele. Kisha yakafuata kama mvua inayoanza juu ya paa, bega hapa, nyonga pale, na kwenye boneti moja mgongo mzima wa mtu aliyekuwa ameinama kuokota kitu. Mkuu wa bendi akapandisha sauti za tarumbeta. La Rais lilibonyea pande zote, na tusiseme zaidi kuhusu la Rais.

Msafara ukasimama. Watu walishusha vibendera. Bi Siwema ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka kutoka ukingoni. Hakuwa na wake wa kumtafuta tena, lakini alimshika mkono mwanamke aliyekuwa karibu naye akaenda naye, na wengine wakawafuata, wakipita gari kwa gari, wakiweka viganja. Askari hawakuwazuia. Hawakuwa na amri ya kuzuia jambo ambalo lilikuwa halitokei. Bwana Pazi alishika kipaza sauti, akafungua mdomo, akaangalia huku na huku kutafuta mbuni.

"Fundi!" mkubwa mmoja alinong'ona jukwaani. "Nyundo yako iko wapi? Haraka!"

Sadala alikuwa ameshateremka. Hakuwa na nyundo. Alisimama karibu na gari la nne, kwa sababu hapo palikuwa na binti mmoja, bado kijana, ambaye hakuweka kiganja penye boneti kama wenzake. Alikuwa amechuchumaa. Mbonyeo wa gari lile ulikuwa chini, kwenye bampa, mdogo, usiofika hata kiunoni kwa mtu mzima.

Binti alivua kanga kichwani, akaufunika mbonyeo, akaichomekea kanga pembeni vizuri isipeperuke. Kisha akainua uso, akamtazama dereva kupitia kioo.

"Alilia?" akauliza.

Dereva alitazama nyuma walikoketi wakubwa zake. Mmoja alikuwa anamfanyia ishara ya mkono, twende, twende. Dereva akazima gari, akafungua mlango, akashuka, akavua kofia. Kisha akachuchumaa karibu yake pale kwenye lami, akamjibu.